Neno la Staha Lamsitiri Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi za chama chetu nipate kueleza jambo moja ambalo limenikaa moyoni siku nyingi, nalo latuhusu sisi makarani kuliko watu wengine. Nataka kusema juu ya maneno ya staha, ambayo walimu wa lugha huyaita tafsida. Yaani yale maneno laini tunayoyaweka mahali pa maneno makali ili msikiaji asichomwe moyo. Najua wako watakaosema, Je, hili ni jambo la kujaza ukurasa, na wenzetu wana shida za mishahara na nyumba? Nawaomba wanivumilie hata mwisho, maana nitaonyesha kwamba neno laini moja lililotoka mkononi mwangu lilimpotezea mzee mmoja ng'ombe wawili.

Kabla sijahamishiwa hapa Samuye nilikuwa nikifanya kazi katika masijala ya ofisi moja ya serikali. Sitaitaja jina, kwa kuwa kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Mzee mmoja aliyekuwa tarishi kwa miaka mingi alikuwa amestaafu, akawa anangoja mafao yake. Tulipofungua jalada lake tuliona ya kuwa barua yake ya kwanza ya kuajiriwa haimo. Nani aliitoa, na lini, hakuna aliyejua. Na bila barua ile hesabu ya miaka yake ya utumishi haikuweza kukamilika. Mzee alipoandika kuuliza, mkubwa wangu aliniambia, "Mwandikie barua nzuri." Nami nikaandika: "Suala lako linashughulikiwa." Baada ya miezi minne akauliza tena, nikamjibu vile vile, ila nikaongeza maneno "kwa karibu". Mara ya tatu nilimwarifu kuwa linashughulikiwa "na ngazi husika". Wala sikuona haya. Nilijihesabu kuwa karani mwenye adabu, kwa sababu sikumvunja moyo mzee wa watu kwa kumwambia kwamba tumempotezea karatasi yake.

Kisha nikahamishiwa Samuye, na kumbe huyo mzee nyumbani kwake ni huku huku. Jioni moja nilipita kumsalimu. Nikamwamkia, "Mwadila, baba." Akaitikia, akanipa kigoda, tukaongea habari za mvua na za mashamba ya pamba. Hatimaye nikamwuliza habari za mafao yake. Akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati. Juu kabisa zilikuwamo zile barua zangu tatu, zimekunjwa vizuri kama hati za shamba. Nilipoziinua, chini yake niliona nakala ya barua yake ya kuajiriwa, na muhuri wake wasomeka bado. Nikamweleza kwamba ndiyo karatasi iliyotukwamisha. Mzee akanitazama muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hamkuniambia kwamba imepotea? Mimi ninayo siku zote."

Sikuwa na jibu. Nakala ile ilipelekwa, na katika muda wa miezi miwili mzee akalipwa kiinua mgongo chake. Lakini ule mwaka uliopita katikati mkewe alikuwa ameugua, naye aliuza ng'ombe wawili wakati wa kiangazi kikali, wakati ambao ng'ombe huwa wamekonda na bei huwa ya kutupa. Kila mtu wa Usukumani ajua kwamba ng'ombe aliyeuzwa hivyo harudi zizini. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, Lile neno "linashughulikiwa" lilimsitiri nani? Halikumsitiri mzee. Lilitusitiri sisi.

Basi hilo ndilo swali ninaloleta mbele ya wanachama wenzangu. Lakini kabla sijaendelea, ni haki niitetee tafsida yenyewe, asije mtu akadhani nawafundisha watu ukosefu wa adabu. Lugha yetu imejaa maneno ya staha, na mengi yake ni mema sana. Mtu akifa twasema amefariki, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni kutengana. Yaani ametengana nasi tu. Twamwita marehemu, yaani aliyerehemiwa, na hivyo kila tumtajapo twamtakia rehema hata bila kukumbuka. Twamwita hayati, na asili ya neno hilo ni uhai. Mwanamke hatusemi amezaa kama mbuzi. Twasema amejifungua, kana kwamba kifungo kimemtoka. Aendaye chooni twasema amekwenda haja. Na hicho kiinua mgongo chenyewe ni neno la staha, maana lamfikiria mtu ambaye mgongo wake umeinama kwa kazi ya miaka mingi, nalo lamwahidi kwamba ataunyosha.

Maneno hayo yana tabia moja: humsitiri mtu aliye katika udhaifu. Aliyefiwa, mgonjwa, mzazi, mzee, wote hao hawana kosa. Wana hali ya kibinadamu tu, nasi kwa kuwa ni wenzao twawafunika kama vile mtu amfunikavyo mwenziwe kwa shuka. Tena hakuna apotezwaye na maneno hayo. Ukiambiwa kwamba fulani amefariki, wajua kabisa kwamba umefiwa, na utatafuta sanda. Staha ya namna hii haimnyimi mtu habari anayoihitaji; humpa habari ile ile kwa mkono wa upole.

Liko kundi la pili, ambalo lina wema na ubaya pamoja, nalo lataka uangalifu. Nitatoa mfano wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walionekana Kagera mwaka 1983, na watu wa huko, kwa kutoujua ugonjwa, waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa mpakani siku zile. Waganda wao waliuita slim, kwa ajili ya kukonda. Baadaye vijana wetu wakasema fulani amekanyaga waya, na katika misiba ikatangazwa tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Nani atawalaumu waliosema hivyo? Walitaka kuwalinda wajane na yatima wasinyoshewe vidole. Lakini neno lile lile lililomsitiri mjane mbele ya majirani lilimficha pia kijana aliyekuwa na haja ya kujua ili ajiokoe. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humwumbua. Rais Mkapa alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999, alitumia neno zito, na uzito wake ulihitajika. Hivyo twaweza kumstahi mgonjwa, tusimtaje jina wala kumcheka, na pamoja na hayo tukautaja ugonjwa kwa jina lake.

Kundi la tatu ndilo ninaloligombeza. Hili halimsitiri mnyonge, humsitiri mkosaji. Angalia hongo. Hakuna aombaye hongo kwa jina lake. Mmoja ataka chai, mwingine ataka maji, mwingine asema "usiniache hivi hivi". Jirani zetu wa Kenya husema kitu kidogo, na kwa anayekitoa si kidogo hata kidogo. Chai ni neno la ukarimu. Mgeni akija hupewa chai. Basi mwombaji huvaa nguo ya mgeni, naye mwananchi akikataa huonekana yeye ndiye mchoyo.

Wala jambo hili halikuishia madirishani mwa ofisi tu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho, ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Takrima ni neno zuri. Lina ukoo mmoja na ukarimu na karamu. Lakini nani atapima mahali takrima inapokoma na hongo inapoanza, ikiwa mgombea ana gari la vyakula na mpiga kura ana njaa? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake walifungua shauri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vile ni kinyume cha Katiba. Naliona shauri hilo kuwa funzo kubwa juu ya lugha: mahakama iliambiwa neno la heshima, ikatazama tendo lililo chini yake.

Sasa nije katika habari za mkoa wetu, ambazo ni chungu, lakini hatuwezi kusema juu ya maneno laini tukaziruka. Zamani ilikuwako imani katika nchi hizi za Ziwa kwamba watu wenye ualbino hawafi, ila hupotea tu. Ukilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza waweza kudhani ni maneno ya hadithi yasiyo na madhara. Lakini mtu aliyezoea kusema kwamba mwenziwe hafi bali hupotea, amekwisha jiondolea nusu ya uzito wa neno kuua. Kisha yakaja mauaji yale ya miaka ya 2006 na kuendelea, katika Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa ajili ya ushirikina wa kutafuta mali, na tukasikia neno jingine likitupwa njiani kwa binadamu apitaye: "dili". Aliyeuawa aliitwa aliyepotea; aliye hai aliitwa biashara. Katika maneno hayo mawili hakuna mtu, wala hakuna mwuaji.

Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino katika Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa wakati ule katika Mkoa wa Shinyanga, na sasa imo Geita. Kosa walilopatikana nalo liliitwa kuua kwa kukusudia. Na tazama jambo hili jingine: katika miaka hiyo hiyo watu walifundishwa kuacha lile neno la kale "zeruzeru", lenye kumdhalilisha mtu, na kusema "mtu mwenye ualbino". Hapo ndipo nilipoiona kanuni ninayoitafuta. Mtu alipewa jina la staha, na tendo likapewa jina lake kamili. Sisi maofisini mara nyingi twafanya kinyume: tendo twalivika nguo nzuri, na mtu twamwacha uchi.

Sisemi hayo kwa kuwalinganisha makarani na wauaji, hasha. Nasema kwamba njia ni moja, ingawa safari si sawa. Hebu tuyatazame maneno tunayoyaandika kila siku. Dawa hazipo zahanati, twaandika "zipo changamoto za dawa". Fedha zimeliwa, twaandika "changamoto za usimamizi". Neno changamoto zamani lilikuwa neno la kumwamsha mtu apate nguvu. Siku hizi limekuwa kapu la kutupia kila kitu, na kila kitu kikiwa changamoto hakuna aulizwaye. Mkubwa akiondolewa katika cheo, twasoma kwamba "atapangiwa kazi nyingine", nasi hatujui kama alikosa au alionewa. Neno hilo lamsitiri mwizi, na pia lamchafua asiye na hatia, kwa kuwa wote wawili huandikwa sawasawa. Katika uhakiki wa mwaka 2016 maelfu ya majina yaliondolewa katika orodha za mishahara, nayo yaliitwa wafanyakazi hewa. Lakini hewa haina mfuko. Mshahara ule ulipokelewa na mtu mwenye mikono, na jina lake halikuwa hewa.

Najua jibu nitakalopewa na wenzangu, maana mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi. Watasema, Karani hana sauti. Yeye huandika anavyoamriwa, na mkubwa ndiye atiaye sahihi. Ni kweli, nami siwezi kumshauri kijana aliyeajiriwa jana apigane na mkuu wake. Lakini mara nyingi mkubwa hatuamuru kuficha. Hutuambia tu "andika barua nzuri", na sisi wenyewe ndio tunaoamua kwamba barua nzuri ni ile isiyosema kitu. Ningaliweza kuandika hivi: "Twasikitika kukuarifu kwamba barua yako ya kwanza ya kuajiriwa haionekani katika jalada lako. Ikiwa unayo nakala, tafadhali utuletee, ili hesabu ya mafao yako ikamilike." Barua hiyo ina adabu zote. Ina masikitiko, ina tafadhali, wala haimtukani mtu. Naamini mkubwa wangu angaliitia sahihi. Ila ingalitupasa tukiri neno moja, "haionekani", na neno hilo ndilo lililotushinda kulitamka.

Wengine watasema kwamba sisi Waswahili na Wasukuma hatuna desturi ya kusema jambo waziwazi. Mtu muungwana huzunguka. Nakubali kwamba huzunguka, lakini huzunguka ili afike. Mshenga aendaye kuposa hasemi upesi alilolijia, huanza na habari za safari na za ng'ombe. Hata hivyo kabla ya kuondoka kwake wenye nyumba wamekwisha kujua ni binti yupi atakiwaye. Azungukaye asifike si muungwana, amepotea njia. Na wahenga hao hao waliotufundisha staha ndio waliosema, Mficha uchi hazai.

Tena kukiri hakumshushi mtu hadhi. Mwaka 1976, katika mikoa hii yetu ya Shinyanga na Mwanza, watu waliokamatwa katika upelelezi wa mauaji waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa askari waliowashika. Mtu aliye mbali na mambo hayo angaliweza kuandika kwamba walikuwa wakihojiwa, na jalada likafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa yeye hakumpiga mtu kwa mkono wake. Je, alidharauliwa? Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi, na hata leo tukitafuta mfano wa neno kuwajibika twamtaja yeye.

Basi maoni yangu ni haya. Tuendelee kufundisha watoto wetu na vijana wa ofisini maneno ya staha, tena tuwakemee wasemao ovyo mbele ya wafiwa na wagonjwa. Lakini kila tunaposhika kalamu kumwandikia mwananchi, tujiulize maswali mawili tu. La kwanza: Neno hili laini lamsitiri yeye, au latusitiri sisi? La pili: Akiisha kulisoma, atajua la kufanya kesho asubuhi? Likiwa lamsitiri yeye, naye akajua la kufanya, ni neno jema na tuliache. Likiwa latusitiri sisi, naye abaki akingoja, tulifute, hata kama ni zuri kama wimbo.

Ningependa pia chama chetu kiyazungumze haya katika mkutano mmoja, kila mwanachama alete neno moja analolitumia ofisini kwake kwa kuficha, na kando yake aandike neno lipasalo. Mimi nitaanza: nitaleta "linashughulikiwa".

Juzi nilipita tena kwa yule mzee. Zizi lake lina ndama mmoja, aliyemnunua kwa fedha za mafao. Akaniambia kwa kucheka kwamba zile barua zangu tatu bado anazo kisandukuni, kwa kuwa mtu hatupi karatasi ya serikali. Nilimwomba anipe moja, nami nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, mahali nitakapoiona kabla ya kuandika nyingine.

Kama nimekosea, wakubwa wangu na wenzangu wanisahihishe katika karatasi hizi hizi, nami nitashukuru.

Wasalaam,

Mimi mwenzenu,
Karani, Samuye